Mti Usio na Mwenzi

Upepo wa kusi unaojaza matanga yetu hauishii pwani. Huuchukua unyevu wa bahari, ukaivuka nyika kavu ya Tsavo, na unapoukabili mlima Kasigau huko Taita, nchini Kenya, wenye kimo cha zaidi ya mita 1,600, hugeuka ukungu. Katika msitu unaonyweshwa na ukungu huo ndimo kiotamo kisambo, saikadi iliyopewa jina la kitaalamu Encephalartos kisambo mwaka 1989, nduguye mtapo wa huku kwetu. Majani yake yafanana na ya mnazi, ilhali si mnazi. Hakitoi maua, hutoa koni.

Kisambo hukua taratibu mno, na subira hiyo ndiyo iliyokiponza. Msitu hufyekwa kwa siku chache. Nao wapenzi wa mimea adimu hawana saburi ya kuotesha mbegu, hutaka king'olewe kikiwa kizima.

Rafiki yangu mmoja hushikilia kuwa heri mimea hiyo ihamishiwe bustanini, ipate maji na ulinzi. Sikubaliani naye. Saikadi zina mti dume na mti jike, kila mmoja kwa shina lake, na katika jamii hii mshenga wao ni mdudu mdogo, mfano wa fukusi, abebaye chavua toka koni hadi koni. Umng'oapo mmoja, umemfanya mwenziwe mjane. Na mshenga haendi bustanini.

Mfano tunao. Mwaka 1895, John Medley Wood aliikuta katika msitu wa Ngoye, Afrika Kusini, saikadi ya aina isiyojulikana, nayo ni dume. Jike lake limetafutwa tangu hapo, halijaonekana. Shina la mwisho liliondolewa msituni mwaka 1916. Leo machipukizi yake yamo katika bustani za Durban na Kew, yote madume, yote mti mmoja uliogawanywa. Yanamwagiliwa na kupigwa picha, lakini hayana mbegu ya aina yao.

Kisambo hakijafikia huko. Mkataba wa CITES umezuia biashara ya kimataifa ya saikadi za jamii yake zitokazo porini, ila karatasi haina macho mlimani. Basi, ndugu msomaji, ukioneshwa saikadi kubwa inauzwa, usianze kuuliza bei. Uliza imetoka mlima gani, na mwenziwe amebaki na nani.