Kutu ya breki na gari la mjomba

Kitambo sijaandika, UE zilitubana mpaka basi. Nimerudi chuo juzi toka nyumbani Lushoto, mafua ya baridi bado ninayo. Leo sina stori ya bumu wala ya foleni ya kafeteria. Nataka niongee kuhusu kutu inayotokea kwenye diski za breki za gari. Najua wengi wetu usafiri wetu ni daladala, ila kila mtu ana mjomba, baba mdogo au mshikaji mwenye kigari cha Japani, na iko siku atakuita kwenye tairi akwambie "hebu ona, gari langu linaoza hili".

Diski ni ile sahani ya chuma unayoiona nyuma ya rimu. Ukikanyaga breki, pedi mbili zinaibana, moja upande wa nje na moja upande wa ndani, kama unavyobana karatasi kwa vidole viwili. Magari mengi ya kwetu diski zake ni za chuma cha kusubu, kile kizito kama cha mawe ya mizani sokoni. Pale pedi inapobana hapapakwi rangi, manake ingefutika siku ya kwanza. Kwa hiyo chuma kiko uchi. Kikipata maji na hewa usiku mmoja tu, asubuhi unakuta rangi ya chungwa. Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasitumie chuma kisichoshika kutu. Pikipiki nyingi zenye diski wanatumia hicho. Kwenye gari ni uzito mkubwa na joto jingi, na chuma cha kusubu kinapitisha joto vizuri zaidi, halafu bei yake rahisi. Kutu ya asubuhi ndo gharama yake.

Wale wa sayansi mnakumbuka jaribio la misumari. Mirija mitatu: mmoja una maji na hewa, mmoja una hewa kavu, mmoja una maji yaliyochemshwa na mafuta yanaelea juu ili hewa isiingie. Nilipokuwa TP nilifundisha hiyo mada, na madogo walikuwa wanasinzia. Misumari inataka siku kadhaa, kipindi ni dakika 80. Nikawatoa nje kwenye gari la mwalimu mmoja lililolala kwenye mvua, nikawaonyesha diski. Hapo ndo maswali yalianza, na moja lilikuwa kali kweli: "Mwalimu, kama ni kutu, mbona jioni haipo?"

Haipo kwa sababu pedi zimeifuta. Ni kutu ya juu juu, nyembamba kuliko karatasi. Gari likitembea, ukakanyaga breki kidogo kidogo mara tano mpaka kumi sehemu tambarare isiyo na watu, unasikia mkwaruzo, krrr krrr, halafu sauti inakata na diski inarudi kung'aa. Inayobaki kwenye kingo na pale katikati ambapo pedi haifiki, iache, haina madhara. Kwetu Lushoto, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, ukungu unashuka mpaka dirishani, hiyo kutu ni ya kila siku. Ukimpelekea fundi kila ikitokea utamsomeshea watoto wote.

Sasa gari la mjomba. Ni Corolla ya zamani, mbele ina diski, nyuma ina drami. Mjomba alikuwa kikazi huko bara, gari likakaa uani karibu miezi miwili ya masika, halijawashwa. Amerudi Ijumaa, na Jumatatu alitakiwa ampeleke mama mkubwa kliniki ya macho, Hospitali ya Bombo, Tanga. Miadi ile tuliisubiri sana. Kuangalia gari Jumamosi asubuhi, diski zote mbili nyekundu kama udongo wa Magamba.

Fundi mmoja wa mjini (simtaji) aliangalia akiwa amesimama tu, mikono mfukoni, akasema hizo diski zimekufa, badilisha zote mbili na pedi zake. Bei aliyotaja ni mbuzi wawili wakubwa. Hakufungua tairi, hakupima kitu. Mjomba akaanza kuhesabu hela za nauli na za dawa.

Babu naye akaja na dawa yake. Babu panga lake na majembe yake hayajawahi kushika kutu, kila jioni anayafuta kwa kitambaa chenye oili. Akaja na kopo. "Futeni na hii, kesho mtanishukuru." Nilishika lile kopo kwa adabu zote, "Babu shikamoo, lakini hapa hapana." Wadau, hii ndo sehemu naomba muisome mara mbili. Breki inafanya kazi kwa msuguano. Ukipaka oili, dizeli au grisi kwenye uso wa diski, umeondoa hicho hicho kinachosimamisha gari. Pedi nayo inanyonya, na ikishanyonya haifai tena. Babu alinuna kidogo, akasema chuma ni chuma. Kwa panga yuko sahihi kabisa, sema panga halina kazi ya kusimamisha kitu.

Barabara ya kushuka kutoka Lushoto kupitia Soni mpaka Mombo ni kilomita 33, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na mwingine korongo. Nilipiga hesabu kwenye daftari. Gari lenye watu, tuseme kilo 1,300, likishuka mita 900 hivi: 1,300 mara 10 mara 900, unapata jouli milioni 11.7. Nguvu hiyo ingechemsha lita 35 hivi za maji ya bomba. Joto lote hilo lazima liende mahali, na dereva akishuka kwa breki peke yake, sehemu kubwa inaishia kwenye diski. Kwa hiyo swali la mjomba halikuwa la urembo. Ila hela ya kubadilisha kitu kizima ingekuwa hela ya mama mkubwa.

Tukamtafuta fundi mwingine, mzee wa gereji bubu chini ya mkaratusi. Yeye hakusema badilisha wala usibadilishe. Alisema gari liendeshwe kwanza, polepole, pale pale barabara ya juu, lisishuke Soni. Kutoa hendibreki tu na kusogea, nyuma pakalia ko! Mjomba akashtuka. Mzee akacheka, shuu zilikuwa zimenatia kwenye drami kwa kutu. Gari linalokaa muda mrefu usilifunge hendibreki, liache kwenye gia na uweke jiwe kwenye tairi. Kwetu mawe hayajawahi kuwa shida.

Tulizunguka kama nusu saa, mjomba anakanyaga na kuachia. Kurudi, mzee akachuchumaa. Diski ya kulia inang'aa kama sarafu mpya. Ya kushoto, uso wa nje, bado ina mkanda mwekundu. Akaniambia, "Mwalimu, huyu hajaja kazini." Nilicheka, lakini nikaelewa palepale. Ile kutu ni daftari la mahudhurio! Pedi iliyofanya kazi imefuta sehemu yake. Palipobaki pekundu, pedi haijabana.

Sababu ilikuwa hivi. Kwenye breki za aina ile pistoni iko upande wa ndani tu. Inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuvuta pedi ya nje. Mpira wa kukinga vumbi wa pini moja ulikuwa umechanika, maji yakaingia, pini ikashika kutu na kuganda. Kwa hiyo pedi ya nje ilikuwa imepanda gari kama abiria. Kutu iliyotutisha wote ilikuwa haina neno. Iliyokuwa na neno ilijificha ndani ya tundu dogo kama kidole, na angebadilisha diski bila kuigusa ile pini, Jumatatu tungeshuka na breki nusu upande wa kushoto, tena kwa diski mpya.

Mzee alichomoa pini kwa shida, akaisugua kwa msasa laini, akaweka mpira mpya na grisi yake maalumu ya pini. Grisi inaruhusiwa hapo tu, na vidole akavifuta kabla hajagusa diski. Diski akaisugua kwa brashi ya waya, akaisafisha. Akapitisha ukucha juu yake, hakuna mashimo wala mifereji. Akapima unene na kulinganisha na namba ya milimita iliyochongwa kwenye diski yenyewe, ile ya unene wa mwisho unaoruhusiwa, ikawa bado. Kama ingekuwa na mashimo, ingebidi kukereza au kubadilisha, na siku zote za ekseli moja zinabadilishwa pamoja, kulia na kushoto. Akamulika na tochi nyuso za ndani pia, manake hizo huzioni ukisimama. Pedi tulibadilisha, za mbele zote nne, kwa kuwa za kushoto zililika bila uwiano. Tulilipa hata mbuzi mmoja haukufika.

Akamalizia na mafuta ya breki, yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Yale mafuta yananyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishanyonya maji inaweza kushuka mpaka 140. Yakichemka kwenye mteremko unapata mvuke kwenye mabomba, pedeli inazama, unakanyaga hewa. Na hayo maji ndo yanayoleta kutu ndani ya silinda, ambako hakuna brashi itakayofika. Yabadilishwe kila miaka miwili hivi, hata kama gari linalala tu.

Jumatatu tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Ukungu ulikuwa mzito na diski zilikuwa na rangi ya chungwa tena, usiku mmoja tu! Mjomba akaniangalia, nikamwambia twende. Mkwaruzo ukakata kabla hatujatoka mjini. Kuanzia Soni alishuka na gia ya pili, injini inanguruma, breki anagusa kwenye kona tu na kuachia. Mama mkubwa nyuma anasali kimyakimya, halafu akauliza mbona gari linapiga kelele kama lina njaa. Mjomba akamjibu, "Dada, hizo ndizo kelele ninazozitaka."

Mombo tukasimama kununua maji. Sikusikia harufu ya kuungua. Nilisogeza kiganja karibu na rimu ya kulia bila kugusa, joto. Nikazunguka kushoto, joto lile lile. Nikachungulia na tochi ya simu, diski zote mbili zinang'aa pande zote. Mjomba alikuwa anasubiri majibu, ameshika chupa ya maji hajaifungua. Nikamwambia wote wapo kazini. Mama mkubwa akatoa kichwa dirishani: "Nyie mnaangalia tairi mpaka saa ngapi? Foleni ya Bombo haimsubiri mtu."