Ramani Iliyotupeleka Singida

Hivi mwenzi wako akirudi kutoka safari ya kikazi London, akaja na zawadi iliyomeza hela ya makochi, utafanyaje? Mimi nilinuna siku mbili.

Mume wangu alikuwa amenunua karatasi kuukuu yenye alama za mikunjo: ramani iliyochapwa mwaka 1878 pamoja na kitabu cha Henry Morton Stanley, Through the Dark Continent. "Ona, Urimi! Kwetu huku!" alinionyesha kwa kidole. Mimi niliona makochi yangu tu.

Urimi ni nchi ya Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Arimi. Leo iko ndani ya mkoa wa Singida. Mume wangu ni Mnyaturu wa Dar, wale wa kwenda kwao kwenye misiba. Nikamwambia, "Kama unapapenda kiasi hicho, nipeleke nikapaone."

Kufika si kazi siku hizi. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inatoka Dar hadi Dodoma, halafu unapanda basi, kama kilomita 240 za lami. Njiani ni vitunguu, asali na mafuta ya alizeti. Mjini Singida utakuta mawe makubwa yaliyopandana kama yamepangwa na mtu, na maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Jioni tulikaa kando ya Singidani na kuku wa kienyeji mezani. Wale kuku wa Singida wanaosifiwa Dar? Kumbe kwao ni watamu zaidi!

Hapo ndipo nikamwuliza: huyu Stanley alifuata nini huku?

Aliondoka Bagamoyo Novemba 1874 na msafara wa watu zaidi ya 300, akielekea Ziwa Victoria. Januari 1875 alikuwa hapa Urimi. Mwenzake Mwingereza, Edward Pocock, alikufa kwa homa na kuzikwa njiani. Siku chache baadaye, mahali alipopaita Vinyata, msafara ulipigana na wenyeji siku tatu. Nani alianza? Maelezo yaliyoandikwa ni ya upande wa Stanley. Kwa kauli yake, alipoteza watu zaidi ya 20, naye akachoma vijiji na kuchukua nafaka na mifugo. Kisha akapita Iramba, na Februari 27 akafika ziwani. Ule mstari wa safari kwenye ramani yetu ndio huo.

Kesho yake tulikwenda kijijini kwa bibi yake. Mume wangu akaitandaza ramani juu ya mkeka, akaeleza yote, na vita pia. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Huyo mgeni alikula kwa nani?"

"Alichukua mwenyewe, Bibi."

"Basi hakuijua nchi. Alipita tu."

Halafu akaanza kuonyesha kwa mkono: maji ya kiangazi yanapatikana wapi, udongo wa vyungu unachimbwa wapi, miti ipi inatundikwa mizinga, na nani kazikwa chini ya mti gani. Mume wangu akaomba daftari la mtoto wa jirani, akaandika mpaka jua likazama. Miaka sita ya ndoa, sikuwahi kumwona amekaa kimya akisikiliza hivyo. Hasira yangu iliishia pale mkekani.

Ramani ya zamani ni kitu kizuri kukusanya, sikatai. Ukipata moja, iwekee fremu yenye kioo na uiepushe na jua, maana karatasi hukauka na wino hufifia. Ila kumbuka ilichorwa na mpita njia. Yetu haikujua hata dhahabu ya Sekenke kule Iramba, iliyokuja kuchimbwa zama za Wajerumani.

Yetu sasa iko ukutani koridoni. Pembeni yake, kwenye fremu ya pili, kuna kurasa mbili za daftari la shule zenye majina ya Bibi. Wageni wakija huanza na ya Stanley, lakini maswali yao yote ni ya ile ya pili.

Kwa hiyo kabla hamjagombania zawadi, safirini. Nenda ukapaone kwao mwenzi wako, na umwache mwenye nchi aongee. Makochi? Bado tunadunduliza.