Projekti ya Wawili, Joho la Mmoja

Kila muhula kuna watu wananiuliza kitu kimoja: "Nichague nani kama patna wa projekti?" Na kila muhula naona ushauri uleule. Chagua mwenye akili. Chagua mwenye laptopu. Chagua beshte yako. Usichague mpenzi wako, mtaachana kabla ya sura ya tatu.

Mimi nimemaliza yangu, kitabu kimebaindiwa, na nina jibu tofauti kidogo. Chagua mtu ambaye hatabadilisha neno lake akiwa amechoka, hana pesa, na hakuna anayemwangalia. Halafu kabla hamjaandika hata kichwa cha projekti, ongeeni kuhusu fee. Najua haikai kama ushauri wa masomo. Nisomeni kwanza.

Nilisomea uhandisi wa ujenzi, ile kozi ya miaka 5 ambayo shosho anaamini ukimaliza utamjengea nyumba wikendi moja. Mwaka wa mwisho tulifanya projekti wawili wawili. Patna wangu hapendi jina lake liwe mtandaoni, kwa hivyo hapa nitamwita Simiti. Hilo si tusi. Darasani kwetu ni sifa.

Tulichagua jivu la maganda ya mpunga. Ukienda Mwea, kule Kirinyaga, kando ya vinu vya mchele utaona maganda yamerundikwa kama vilima. Maganda hayo yakichomwa kwa moto uliodhibitiwa, usizidi sana nyuzi 700, jivu linabaki na silika ambayo inaungana na chokaa inayotoka kwenye simiti ikikutana na maji. Inazaa gundi ya aina ileile inayoshikilia konkriti. Yaani unaweza kupunguza simiti kidogo, ukajaza jivu. Faida? Kwanza simiti ni ghali, muulize yeyote anayejenga. Pili, kutengeneza simiti duniani kunachangia karibu 8% ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Swali letu lilikuwa rahisi: unaweza kuweka jivu kiasi gani kabla konkriti haijaanza kulegea?

Tukapima 0%, 5%, 10% na 15%. Kila mchanganyiko kyubu 9: tatu za kuvunja siku ya 7, tatu siku ya 14, tatu siku ya 28. Piga hesabu. Ni kyubu 36, sentimita 15 kila upande, kila moja kilo 8 hivi. Karibu kilo 290 za konkriti, zimekorogwa na watu wawili, karai mbili na beleshi moja.

Sasa, konkriti ina tabia moja ambayo wanafunzi hatuna. Haiharakishwi na presha. Sura tatu unaweza kuziandika usiku mmoja, wengi wamefanya na wakapita. Lakini huwezi kukesha ili kyubu ikomae. Inakaa kwenye tangi la maji siku 28, na wewe unakaa pia. Kwetu, siku ya 28 iliangukia Jumanne. Kitabu kilitakiwa Ijumaa, saa kumi jioni. Kukaa mbele ya jopo ilikuwa Jumatatu iliyofuata. Hakukuwa na nafasi ya kupumua hapo katikati.

Jumanne tukaanza kuvunja. Tulilenga niutoni 25 kwa kila milimita mraba. Sifuri ikapita. 5% ikapita vizuri. Machapisho mengi tuliyosoma yalikuwa yanasifu 10%, kwa hivyo hapo ndipo tulikuwa tumeweka matumaini yetu yote. Kyubu ya kwanza ikapasuka mapema. Ya pili pia. Ya tatu ikajaribu, lakini wastani ukabaki chini ya 25. Si mbali. Chini tu.

Jamaa wa kundi lingine alikuwa anasubiri mashine. Akachungulia daftari letu, akacheka. "Ongezeni mbili tu, msee. Nani atavunja kyubu zenu tena?"

Na alikuwa anasema ukweli. Kyubu ikishavunjwa imekwisha, hakuna mtu wa kurudi kuhakikisha. Kila mtu aliyepitia kampasi anajua neno la hiyo kitu: kupika data. Watu wanaipika wakiwa wametulia kabisa, kama ugali.

Simiti hakumjibu. Aliandika namba ilivyo, kwa kalamu, si penseli. Halafu akasema neno moja: "Huruma."

Nilimwelewa. Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa lilianguka pale Huruma, Nairobi, na kuua watu karibu hamsini. Sisemi lilianguka kwa sababu ya projekti ya mwanafunzi. Lakini mtu wa uhandisi lazima ajue kwamba namba yake siku moja itakuwa na familia imelala juu yake. Ukizoea kuongeza mbili ukiwa na miaka 23, ni nini kitakuzuia ukiwa na muhuri wa kampuni mkononi?

Basi tukawa na namba halisi na shida halisi: tuieleze vipi? Usiku huo tulirudi kwenye daftari. Jivu la mpunga hunywa maji sana. Tangu mwanzo mpango wetu ulikuwa kila mchanganyiko uwe na ulaini sawa, ili fundi wa kawaida mjengoni aweze kuumwaga bila kung'ang'ana. Kwa hivyo jivu likizidi, maji yanaongezeka, na maji yakiongezeka, nguvu inashuka. Kila lita ilikuwa imeandikwa. Matokeo yetu hayakuwa mabaya hata kidogo. Yalikuwa yanasema kitu ambacho fundi wa Mwea anahitaji kusikia: 10% inaweza kufanya kazi, lakini angalia maji yako. Hiyo ndiyo ikawa sura yetu ya tano. Kama tungeongeza mbili, hatungekuwa na sura yoyote.

Jumatano asubuhi ikaja ile nyingine.

Simiti alifungua akaunti yake ya chuo akakuta maandishi mekundu. Salio la fee: 41,000. Mkopo wa muhula haukuwa umeingia, na mama yake ana kibanda cha mboga, si mti wa pesa. Sheria ilikuwa mwenye salio haingii mbele ya jopo. Tukaenda ofisini pamoja. Afisa alituangalia, akaniambia mimi: "Wewe wasilisha peke yako. Mwenzako atakuja mwaka ujao."

Alisema vile mtu anasema basi limejaa.

Tukatoka nje. Simiti akaniambia, "Enda tu. Usiningoje."

Nikamuuliza, "Kyubu zilikuwa ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Mimi nilibeba ngapi?"

"Kumi na nane, na ulikuwa unalia."

"Basi nitawasilisha kumi na nane. Wakiuliza zile zingine, nitawaambia zinakuja mwaka ujao."

Alicheka, lakini macho hayakucheka. Manze, mtu akikubali haraka hivyo kuachwa, ujue si mara ya kwanza ameambiwa angoje.

Nikampigia mwakilishi wa darasa. Kufikia saa sita mchana kulikuwa na kundi la WhatsApp. Simiti alilichukia kabisa hilo kundi. Alikubali kwa sharti moja: kila jina na kila shilingi iandikwe, kwa sababu atarudisha. Watu wakatuma 50, 100, 200. Mzee wa maabara, ambaye kazi yake ilikuwa kutufokea tusiache karai chafu, alituma 1,000 na ujumbe: "Watoto wangu, hiyo ya chai muongeze hapo." Mama Simiti akanipigia pia. Akaniambia, "Mwanangu, usimwache mwenzako. Lakini wewe pia usijiache." Hadi leo sijapata ushauri mzuri kuliko huo kuhusu kufanya kazi na mtu.

Ijumaa asubuhi tulikuwa na 23,450. Zaidi ya nusu. Mkuu wa idara akakubali: alipe hizo, atie sahihi barua ya kumaliza zilizobaki, aingie mbele ya jopo. Tukabaki na saa chache za kuchapisha. Stima ikapotea pale saiba karibu na hosteli, tukakimbia hadi ile ya nje ya geti yenye jenereta. Simiti anasoma majedwali kwa sauti, mimi nahakikisha kwenye skrini, mwenye saiba anatuuliza kama tuko sawa kichwani. Tulikabidhi saa tisa na dakika arobaini. Majina mawili kwenye jalada.

Jumatatu, swali la kwanza la jopo lilikuwa lile tulilotarajia: "Mbona 10% yenu iko chini kuliko ya wengine mliowasoma?" Simiti hakuongea sana. Alifungua daftari, lile lenye madoa ya simiti, akaonyesha maji ya kila mchanganyiko, tarehe na sahihi ya Mzee. Daktari mmoja akalivuta daftari karibu, akalisoma kimya kwa muda mrefu, akasema, "Hii mmeifanya wenyewe." Tulipita.

Ningependa kumalizia hapo. Lakini orodha ya mahafali ilipotoka, jina langu lilikuwepo, la Simiti halikuwepo. 17,550 zilikuwa bado. Nilivaa joho. Yeye alikuja na simu yake kunipiga picha, akanipanga kwenye jua kama fotografa wa kulipwa, na picha zote ni kali. Nikiziangalia naona aliyezipiga.

Sasa msimamo wangu. Sisemi chuo kisidai pesa. Wahadhiri wanalipwa, maabara ina mashine, maji na stima vina bili. Shikilieni cheti mpaka deni liishe, sawa. Lakini msimzuie mtu kusimama mbele ya jopo kueleza kazi ambayo tayari ameifanya. Kazi imeisha, jasho limetoka, konkriti imekomaa. Mkimrudisha mwaka mzima kwa sababu ya 41,000, hizo pesa haziji haraka zaidi. Anachokosa ni mwaka mmoja wa kutafuta kazi ya kuzilipa. Na projekti ikiwa ya wawili, mnamwachia mwenzake uamuzi ambao mtu wa miaka 23 hapaswi kuachiwa kwenye korido: rafiki yako au digrii yako.

Kwa nyinyi mnaoanza projekti Septemba, nawaachia mambo matatu.

Moja, ulizaneni fee wiki ya kwanza. Bila aibu. Nani ana salio, kiasi gani, na mtafanya nini muhula ukifika katikati. Sisi tungekuwa na miezi ya kuchanga badala ya siku mbili, lakini hakuna anayefundishwa kuulizana hivyo. Tunafundishwa kuficha.

Mbili, daftari la maabara liwe moja, liandikwe kwa kalamu, na kila mmoja awe na picha za kurasa zote kwenye simu yake. Laptopu huibiwa. Faili hupotea. Na siku mtu akikushauri uongeze mbili, ile kalamu itakusaidia kukataa.

Tatu, ukimtafuta patna usiangalie gredi zake peke yake. Angalia anavyofanya akipewa chenji iliyozidi kwenye matatu. Angalia kama anaosha karai wakati Mzee hayupo. Vitu vidogo hivyo ndivyo vitakuwa mkononi mwako wiki ya mwisho.

Simiti sasa yuko mjengoni Ruiru, kibarua cha kupima konkriti, malipo ya siku. Kila mwisho wa mwezi anatoa kidogo kulipa chuo na kidogo kurudishia watu wa ile orodha, mmoja mmoja, ingawa hakuna aliyedai. Wengine wamekataa kupokea, akawatumia tena. Wiki jana ilikuwa zamu ya Mzee. Akarudisha 1,000, na akaongeza 50. Ya chai.

Salio la chuo limebaki 6,200. Mahafali mengine ni Desemba. Simu nitashika mimi.