Kukataliwa kwa Mdomo Hakuna Rufaa

Mimi na mdogo wangu tumerithi ugonjwa mmoja kutoka kwa wazazi wetu: selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli. Mimi naishi Uingereza. Yeye ni mwalimu Bungoma, na wikendi hupitia Webuye na Kiminini kwenda Kitale kumwangalia mama. Sote wawili nyonga zimeharibika, kwa sababu chembe za damu zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo na mfupa ukakosa damu. Ukituona tumesimama kanisani hutajua lolote. Lakini tutume dukani siku ambayo maumivu yameamka, utatukuta njiani tumeegemea ukuta, tunajifanya tunasoma simu.

Sote tuliomba haki ya kuegesha gari mahali palipotengewa watu wenye ulemavu, na sote tukakataliwa. Watu wa nyumbani wakisikia kwamba mimi hatimaye nilipata, husema wazungu wana huruma kutushinda. Sikubali. Aliyeninyima hakuwa na huruma kuliko aliyemnyima mdogo wangu. Kilichotutofautisha ni kwamba mimi nilinyimwa kwa maandishi.

Huku kuna beji ya buluu, inayotolewa na halmashauri ya mtaa. Mpango huo ulianza 1971, wakati huo beji ikiwa ya rangi ya chungwa, na kwa miaka mingi uliwalenga hasa watu ambao miguu yao inaonekana wazi kuwa na shida. Tarehe 30 Agosti 2019 masharti ya Uingereza yakapanuliwa ili ulemavu usioonekana nao uhesabiwe. Sasa swali ni kama mtu anapata taabu kubwa sana anapotembea, ikiwemo taabu ya akili, au kama kutembea kunamhatarisha.

Hata hivyo barua yangu ya kwanza ilisema hapana. Ilieleza kwamba mkaguzi aliniona nikitembea zaidi ya mita 80, na kwamba katika karatasi nilizotuma hapakuwa na ushahidi wa maumivu. Niliisoma nikiwa nimekasirika, kisha nikaisoma tena nikaona imenipa kazi ya kufanya. Walikuwa wamepima umbali. Hawakupima ni mara ngapi nilisimama, wala hali yangu usiku uliofuata. Basi daktari wangu wa damu akaandika kuhusu nyonga, akaeleza kwamba kutembea kupita kiasi kunaweza kunilaza kitandani. Mimi nikaandika safari ya kutoka garini hadi duka la dawa: naanza kuchechemea wapi, nashika nini, napumzika muda gani. Nikaomba waangalie upya, wakabadilisha uamuzi.

Nisiwapambe kupita kiasi. Sheria haiilazimishi halmashauri kuwa na rufaa. Mwongozo wa serikali unaishauri tu ikubali kuangalia upya. Ukipeleka malalamiko juu zaidi, kwa mchunguzi wa serikali za mitaa, yeye ataangalia kama utaratibu ulifuatwa, hatakupima mguu. Mlango ni mwembamba. Lakini upo, na barua imeandikwa ulipo.

Kwetu Kenya safari huanzia hospitalini. Unapimwa, fomu ya tathmini inajazwa, kisha unasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Bila usajili huo huna pa kuanzia kuomba kibandiko cha gari, wala msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi.

Mdogo wangu alifika katika hospitali moja ya umma akiwa na faili lake lote. Daktari aliyempokea hakulifungua. Alimtazama kutoka kichwani hadi viatuni, akasema, "Madam, wewe uko sawa kabisa. Hii nafasi waachie walemavu." Akaita anayefuata. Fomu haikujazwa, jina halikuandikwa kitabuni. Ukiuliza leo, hakuna mtu aliyekataliwa siku hiyo, kwa sababu hakuna mahali panapoonyesha kwamba aliomba.

Huambiwa maneno hayo hayo na askari wa maegesho. Hao siwalaumu sana. Nafasi zenye alama ya kiti cha magurudumu ni chache, na zinajaa magari ya watu wanaokimbilia benki, kwa hiyo anayezilinda anafanya jambo jema. Bila kibandiko cha kutazama, amebakiwa na macho yake tu.

Na nyumbani kwetu kulikuwa na ugumu mwingine. Mama alikasirika aliposikia. "Mwanangu si kiwete," alisema, na kwa wiki kadhaa hakutaka habari hiyo itajwe. Namwelewa. Alitulea akipigana na majirani waliosema hatutafika darasa la nane; kwake karatasi yenye neno ulemavu ni ushindi wa majirani. Ilibidi nimsomee Katiba kwenye simu. Kifungu cha 260 kinahesabu kuwa ulemavu hali au ugonjwa wowote unaoathiri kwa kiasi kikubwa au kwa muda mrefu uwezo wa mtu kufanya shughuli za kila siku. Hakitaji mkongojo. Mama alinyamaza, kisha akauliza kwa nini basi daktari hakukisoma.

Ni swali la haki, na linajibika kisheria. Kifungu cha 47 kinampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 imekwenda mbali zaidi: ukiomba sababu, mwenye mamlaka ana miezi mitatu kukujibu kwa maandishi, na asipojibu, mahakama inayopitia uamuzi huo itachukulia kwamba ulifanywa bila sababu nzuri, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ningependa maneno haya yabandikwe kwenye kila dirisha la huduma, Kitale na Bungoma.

Nilimwandikia mdogo wangu rasimu ya barua ya kurasa mbili. Akaikata ikabaki aya tatu: siku aliyofika, maneno aliyoambiwa, na ombi la kupewa sababu kwa maandishi au kupimwa kwa fomu kamili. Aliipeleka mwenyewe, na hakuondoka masjala hadi nakala yake ilipogongwa muhuri wenye tarehe. Wakijibu, tutajua ni jambo gani la kupinga na ni daktari yupi aandike. Wasipojibu, malalamiko yataenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, na njia hizo zikiisha kuna Mahakama Kuu, ambayo ina vituo Bungoma na Kitale pia.