Kabla ya kulaumu kabureta



Baadhi yenu mna msumeno wa injini nyumbani, au baba yenu anaishi kwa huo. Basi ikiwa plagi inatoa cheche, petroli inafika, lakini mashine haiwaki na kamba inarudi ghafla hadi kuumiza mkono, msikimbilie kununua kabureta. Tazameni kwanza kii ya flaiwili.

Flaiwili ni lile gurudumu lenye mapezi linalopuliza upepo wa kupoza injini. Limebeba sumaku, na sumaku ikipita mbele ya koili, plagi inatoa cheche. Cheche hiyo inatakiwa itoke muda mfupi tu kabla pistoni haijafika juu kabisa. Kii, kipande kidogo cha chuma kinachokaa kwenye mfereji wa shafti, ndiyo inayoliweka gurudumu mahali pake. Ikikatika, gurudumu linasogea kidogo, na cheche inakuja wakati si wake.

Mzazi mmoja hapa Namatala alifikwa na hilo, huku mjane akimsubiri akate mkalitusi ulioinamia jiko lake. Sisi tulioona mto Namatala ulivyofurika Julai 2022 tunajua mti wa namna hiyo si wa kuuchezea. Fundi mmoja alikwisha kumchongea kii kwa msumari. Tulimkatalia. (Tulishika spana kabla ya kushika chaki, na hata sasa ualimu wa madrasa peke yake haujazi sufuria.) Kii haibebi nguvu ya injini. Kinachoshika ni mbano wa shafti iliyochongoka ndani ya tundu la gurudumu, mbano unaotokana na nati. Nati ikilegea, msumari mgumu hautakatika upesi; utakula mfereji wa shafti, na shafti ndiyo ghali.

Tulitoa plagi, tukaingiza kamba safi ya nailoni ndani ya silinda ili pistoni ikwame, tukafungua nati. Gurudumu tulilivuta kwa pula, maana kulichokonoa kwa bisibisi huvunja mapezi. Tukafuta shafti na tundu hadi vikakauka, bila tone la oili. Kii mpya ikaingia, nati ikakazwa barabara. Kuna mashine ambazo kii ni sehemu ya gurudumu lenyewe. Hapo hubadilishwa gurudumu zima. Mwisho ni nafasi kati ya koili na sumaku, kwa mashine nyingi kama milimita 0.3, tuliipima kwa kadi nyembamba.

Alhamdulillah, iliwaka kwa mvuto wa tatu. Mkalitusi uliangushwa Alhamisi, upande wa shambani.