Dominus, Domine: somo la Kilatini nililolipata Ziba



Jaribio langu la kwanza la Kilatini seminarini lilirudi limejaa wino mwekundu. Tuliambiwa tulipitishe neno dominus, yaani bwana, katika hali zake sita: dominus, domini, domino, dominum, domino, domine. Nilizichanganya karibu zote. Nilipokwenda likizo nyumbani Ziba, wilayani Igunga, nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba sirudi. Aliyeshindwa na jina moja, nilijiambia, ataiweza teolojia?

Ugumu wangu ulikuwa huu. Sisi tumezoea jina kubadilika mwanzoni: mtoto, watoto, kwa Kisukuma ng'wana, bana. Kilatini hubadilisha mwisho, tena si kwa ajili ya wingi tu, bali kuonyesha kazi ya neno katika sentensi. Ukisema "Petro anampenda Paulo", huwezi kuyabadilishana majina bila kubadili maana. Kwa Kilatini, Petrus amat Paulum na Paulum amat Petrus ni jambo lile lile: -us ndiye anayependa, -um ndiye anayependwa. Viwakilishi navyo ni hivyo hivyo. Sisi husema "ananiona" na "ananipa", na ni- ile ile inatosha. Kilatini hutaka me kwa anayeonwa, mihi kwa anayepewa.

Jioni moja bibi alikuwa anapepeta mtama, akaniuliza mbona nimepooza. Nikamweleza.

"Neno gani hilo linalokusumbua?"

"Dominus, bibi."

Akaweka ungo chini. "Hilo nalijua. Zamani padre akitusalimu kwenye Misa alisema Dominus. Lakini kabla ya Komunyo ilikuwa Domine, mara tatu, tunajipiga kifua. Kwa nini kule hivi na huku vile?"

Bibi hakuwahi kusoma sarufi. Alijifunza kwa sikio, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) haujafungulia lugha zetu mlango katika Misa. Nikafikiri kidogo, kisha nikaona.

"Bibi, kule padre alikuwa anamtaja Bwana. Huku mlikuwa mnamwita."

Akacheka. "Basi hujashindwa, mjukuu wangu. Mimi nimelisema miaka yote, leo ndiyo umenielewesha."

Usiku ule sikulala mapema. Hali ya sita huitwa vocativus, kutoka vocare, kuita. Humo humo ndimo linamotoka vocatio, wito. Nilikuwa nataka kuuacha wito kwa sababu ya jedwali ambalo mstari wake wa mwisho unaitwa kwa jina la wito wenyewe! Nikakumbuka pia jina la Mwokozi: Iesus akitenda, Iesum akitendwa, lakini ukimwita ni Iesu. Sisi Waswahili humtaja Yesu kwa umbo lile lile ambalo Kilatini humwitia.

Wamisionari wa Afrika walifika Tabora mwaka 1878 kwa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, wakitembea kwa miguu miezi mingi. Mimi nilitaka kukata tamaa kwa jaribio moja.

Nilirudi. Jaribio la pili sikung'ara, ila domine niliipata. Ndugu yangu wa mwaka wa kwanza, yakariri majedwali, hakuna njia ya mkato. Lakini ukichoka, anza na mstari wa mwisho. Kabla hujajua kumweleza Bwana, unaweza kumwita.