Kusema mbele ya simu

Mimi nauza sambaza kavu hapa Bukavu, na sokoni sina woga. Lakini nilipoombwa kueleza biashara yangu kwa intaneti, mbele ya wamama wa Kinshasa na Lubumbashi, sikulala vizuri. Sokoni mteja anashika, ananusa, anacheka nawe. Kwenye simu unaona uso wako tu, na minervali ya watoto inategemea maneno yako.

Binti yangu alinisaidia. Tulifanya mazoezi mara tatu, yeye akiwa mteja mkaidi: "Mama, hazina mchanga? Zinakaa siku ngapi?" Nikaona majibu yote ninayo. Nikaandika mambo matatu tu: zinavyovuliwa ziwani usiku kwa taa, ninavyozianika, na bei ya kipimo.

Saa ikafika, saa nane ya Kinshasa, saa tisa kwetu. Mwanzoni sauti ilitetemeka. Nikatia mkono ndani ya beseni, nikainua sambaza, nikaeleza kama niko sokoni. Sauti ikatulia. Wawili wakaagiza siku ile ile.

Mama unayeogopa, usingoje woga uishe. Shika mali yako mkononi, anza na kile unachokijua.